Mafuta ya nyonyo kwenye sabuni ya kipande: tuweke kiasi gani? (wa Mbeya na Iringa njooni)

MamaPendo_Uyole

Wakuu habari za jioni, poleni na baridi maana huku Uyole mwezi huu mtu unalala na soksi na sweta juu.

Naenda moja kwa moja kwenye mada. Natengeneza sabuni ya kuogea ya kipande hapa nyumbani, mawese ya Kyela, alizeti, na nazi kidogo mfuko ukiruhusu, nauzia majirani na kuna mama mmoja pale Mwanjelwa ananichukulia anaweka kwenye meza yake. Sabuni ni ngumu, haiwashi, harufu wanaipenda. Shida ni povu. Wateja wanasema mpaka usugue weee ndo litoke na likitoka halikai, na wanaolalamika zaidi ni wale wanaooga maji ya baridi, wanaochemsha maji wanasema iko poa tu.

Sasa kwenye grupu letu la wasapu dada mmoja kasema dawa yake ni mafuta ya nyonyo, mwingine akadakia weka nusu kwa nusu, wa tatu kasema nyonyo ni sumu utaua watu. Grupu limenichosha. Nani humu anatumia kweli? Kwa kilo ya mafuta naweka mawese 600, alizeti 300, nazi 100, kostiki (ile caustic soda ya kugeuza mafuta yawe sabuni) 136, zote gramu. Nikiingiza nyonyo kostiki inabadilika au inabaki hiyohiyo?

KyelaDamu

Mawese ya Kyela hayajawahi kuwa na kosa tangu dunia iumbwe, kosa ni hiyo alizeti ya watu wa Iringa 😂 nimeweka kiti hapa

Chuma_Mafinga

Mi naweka robo nzima nyonyo, povu linamwagika. Usiwasikilize wanaoogopa

MzeeWaMizani

Kamwene mama Pendo. Niko Kihesa Iringa, hizi kazi za sabuni nazifahamu kidogo, wacha niandike kirefu maana majibu ya mkato ndo yanayowapotosha watu kwenye magrupu.

Kwanza 136 yako kwa huo mchanganyiko iko sawa, inakuachia mafuta ya ziada, yaani yasiyogeuka sabuni, kama asilimia 5, ndo maana haiwashi. Hapo hongera, wengi wanakisia kwa kikombe.

Sasa povu. Mawese karibu nusu yake ni ile asidi ya palmitiki, ndo inayokupa ugumu, lakini sabuni inayotokana nayo ni mvivu kuyeyuka kwenye maji ya baridi. Mtu wa Dar akifungua bomba maji yanatoka vuguvugu yenyewe, sabuni yako hiyohiyo angeisifia. Huku kwetu saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba maji ya bombani yanauma vidole, sabuni ya mawese asilimia 60 haiwezi kukupa povu la haraka hata ufanyeje. Wateja wako hawajakosea, wamekuelezea tatizo vizuri kuliko hao wa kwenye grupu.

Nyonyo inaingiaje hapo: karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi moja inaitwa risinoleiki, ambayo mafuta mengine ya kawaida hayana. Hiyo asidi ina kipande cha ziada kinachopenda maji, kwa hiyo sabuni yake inayeyuka upesi hata kwenye baridi na inazisaidia zile sabuni nyingine zivivu nazo ziyeyuke, afu povu likishatoka linalishika lisipasuke mapema. Lakini elewa kitu kimoja, nyonyo yenyewe peke yake haitoi povu kubwa. Ukitengeneza sabuni ya nyonyo tupu utashangaa, inateleza tu mkononi na povu ni dogodogo. Anayeleta mapovu makubwa ni nazi, nyonyo kazi yake ni kumsaidia. Kwa hiyo ukiweka nyonyo na nazi yako ikabaki 100 utaona nafuu ila hutaruka kwa furaha.

Kiasi: asilimia 5 mpaka 8 inatosha, yaani gramu 50 hadi 80 kwa kilo ya mafuta. Kuzidi 10 kwa sabuni ya kuogea sioni faida. Nusu kwa nusu mwambie huyo aliyesema akuoneshe yake kwanza.

Chuma_Mafinga

Mzee mi nimesema naweka robo na nauza

MzeeWaMizani

Sijasema huuzi kijana wangu. Kipande chako kinakaa muda gani bafuni kwa mteja?

Chuma_Mafinga

Kinaisha haraka ndo wanarudi haraka 😂😂

MamaPendo_Uyole

Shikamoo mzee, ahsante sana kwa maelezo. Huyo wa Mafinga ana biashara yake mwacheni 😂

Sasa kwenye kostiki hujanijibu bado, inabadilika?

MzeeWaMizani

Marahaba mama. Inabadilika, ila itategemea unatoa nini ili nyonyo iingie. Kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki kwa gramu moja. Mimi natumia hivi: nazi 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.134, nyonyo 0.128. Unazidisha uzito wa kila mafuta kwa namba yake, unajumlisha, unatoa asilimia 5.

Ukitoa alizeti gramu 70 ukaweka nyonyo 70, kostiki inapungua hata nusu gramu haifiki, mizani nyingi za jikoni hazitaiona hiyo tofauti. Hatari iko pale mtu anapoona nazi ni ghali anaitoa yote 100 anaweka nyonyo 100 afu anabaki na 136 yake ileile. Hapo mafuta ya ziada yanashuka mpaka kama asilimia 1, mizani ikikudanganya kidogo tu umeshauza sabuni inayounguza ngozi za watoto. Na povu linapungua maana umemtoa mwenye kazi ukamleta msaidizi.

Ningekuwa mimi kwa kilo moja: mawese 450, nazi 250, alizeti 230, nyonyo 70. Piga hesabu inakuja 149 hivi, ukitoa asilimia 5 unabaki na 141. Maji 280. Usinakili tu, ikokotoe mwenyewe kwa kalamu kabla hujaamini mtu wa mtandaoni, hata mimi.

Nuru_Makambako

Mzee nazi 250?? Unajua nazi inauzwaje huku kwetu kwenye mahindi na viazi? Mpaka ifike toka pwani ushachoka

KyelaDamu

Hapo ndo Kyela inaokoa jahazi dada yangu. Kuna mafuta ya kokwa za michikichi, sio yale mekundu ya nyama ya nje, yale ya ndani ya mbegu, wenzetu wa Kigoma wanayaita mise. Yanatoa povu karibu sawa na nazi, bei haiumi hivyo. Yana harufu kidogo lakini kwenye sabuni inafifia

MzeeWaMizani

Huyo kasema kweli hata kama ametutukania alizeti yetu. Mise na mawese yanatoka tunda moja lakini ni mafuta mawili tofauti kabisa, msichanganye. Namba ya mise ni 0.176, kwa hiyo kwenye ile hesabu ukitoa nazi 250 ukaweka mise 250 kostiki inakuwa 140 badala ya 141.

Binti_Mlandege

Mimi nina swali la kijinga. Nyonyo napima kwa lita au kwa gramu? Maana ninayonunua iko kwenye chupa imeandikwa mililita

MzeeWaMizani

Sio la kijinga hata. Gramu, siku zote, kila kitu gramu hadi maji. Nyonyo ni nzito kuliko mafuta mengine, lita yake ina kama gramu 960 wakati alizeti lita ni kama 920. Ukipima kwa kikombe unajidanganya.

Afu kwa baridi hii nyonyo inakuwa nzito haimiminiki, nusu inabaki imeganda ukutani mwa kopo la kupimia unadhani umeweka 70 kumbe imeingia 60. Chupa iweke kwenye maji ya moto dakika kadhaa kabla ya kupima, afu imimine moja kwa moja kwenye sufuria iliyo juu ya mizani yenye mafuta mengine, usipitishe kwenye chombo cha kati.

Sista_Tukuyu

Naona suala la sumu limepita kimyakimya, na mimi kazi yangu ni ya hospitali, wacha niliseme.

Sumu ipo kweli, inaitwa risini, ila ipo kwenye MBEGU. Ni protini, haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo mafuta yakikamuliwa na kuchujwa vizuri yenyewe inabaki kwenye mashudu. Mafuta ya nyonyo watu wamekunywa kama dawa ya kulainisha choo miaka na miaka. Kwa sabuni hamna shida kabisa.

Ila mbegu zile zenye madoadoa ni nzuri kwa macho na watoto wanazipenda kuchezea, mtoto akitafuna chache tu ni hospitali haraka, usisubiri dalili. Na mashudu usimpe nguruwe wala kuku, weka shimoni shambani kama mbolea na uyafukie mbwa asifukue.

La pili maana najua litakuja: mama mjamzito asinywe nyonyo kwa kushauriwa na jirani ili uchungu uje. Inaweza kuamsha uchungu kweli na ndo ubaya wenyewe, unauamsha wakati hakuna anayeangalia mtoto anaendeleaje. Hiyo ni mada ya kliniki sio ya sabuni, nimemaliza.

Nuru_Makambako

Ahsante sista. Sasa mimi nyuma ya nyumba mibarika, hiyo miti ya nyonyo, imejaa, bibi alikuwa anakaanga mbegu, anatwanga, anachemsha na maji, mafuta yanaelea juu anayakomba. Yale yanafaa sabuni?

Sista_Tukuyu

Kwa upande wa sumu ule moto wa bibi unaiharibu, yuko sawa. Ila kinu na mchi viwe vya kazi hiyo tu, usirudi navyo kutwanga karanga, na blenda ya juisi usithubutu kusagia mbegu mbichi. Na ukitwanga jifunike pua na mdomo, vumbi lake wengine linawaletea aleji mbaya.

MzeeWaMizani

Yanafaa, ila nyongeza mbili. Yale ya bibi yanakuwa meusimeusi kwa sababu ya kukaanga na yana harufu ya moshi, kwenye asilimia 7 rangi haitaonekana sana ukiwa na mawese mekundu lakini kwenye sabuni nyeupe itaonekana. La pili ni maji. Mafuta ya kuchemshwa hivyo karibu kila mara yanabaki na maji ndani, yarudishe jikoni kwa moto mdogo mpaka yaache kutoa vipovu na mlio wa kuchachatika, halafu chuja na kitambaa. Usipofanya hivyo gramu 70 zako sehemu yake ni maji tu na yanachacha upesi.

Kijana_Mafiati

Nilinunua nyonyo kwa mtu anatembeza kwenye kidumu, nina wasiwasi kachanganya na alizeti. Kuna namna ya kujua?

MzeeWaMizani

Ipo na ni nzuri. Nyonyo inayeyuka kwenye spiriti kali, alizeti haiyeyuki. Chukua chupa ndogo ya kioo safi na KAVU, weka kijiko kimoja cha mafuta na vijiko vinne au vitano vya spiriti, tikisa, acha itulie. Ikiwa nyonyo halisi inabaki angavu unaona vidole vyako upande wa pili. Ikiwa imechanganywa inakuwa na ukungu, na baadaye kidogo unaona tabaka la mafuta limejitenga chini. Spiriti iwe ile ya asilimia 95 na kuendelea, ya kusafishia vidonda ya asilimia 70 ina maji mengi utaisingizia nyonyo ya watu bure. Na fanya mbali na moto tafadhali, spiriti inashika.

Hata kwa mkono utaona, nyonyo inanata na inavuta, alizeti inachuruzika. Ila jicho na mkono vinadanganywa, spiriti haidanganywi.

Kijana_Mafiati

Nimefanya mzee. Ukungu mtupu 😭 na yeye namba haipatikani

KyelaDamu

Dah pole mdogo wangu. Tumia tu kama alizeti maisha yaendelee

MzeeWaMizani

Hapana asitumie kwa sabuni ya kuuza, hajui kuna nini mule na hawezi kupiga hesabu ya kitu asichokijua. Apakie bawaba za mlango.

Dada_Shamba

Samahani naingilia, mimi natengeneza sabuni ya maji ya salfoniki na sles, zile kemikali za povu za kununua, ile tuliyofundishwa kwenye semina. Nikiweka nyonyo kijiko povu litaongezeka?

Binti_Mlandege

Hapana dada, itaelea juu na chupa itaonekana chafu. Ile ya sles haipikwi na mafuta kabisa, hakuna kostiki inayogeuza nyonyo iwe sabuni pale, unakuwa umemwaga tu mafuta kwenye maji ya sabuni. Tena mafuta yanaua povu.

MzeeWaMizani

Sawasawa. Kuna nyonyo iliyokwisha kutibiwa na asidi ya salfuriki kiwandani ambayo inakubali maji, hiyo ni bidhaa nyingine kabisa. Na ukitaka sabuni ya maji ya mafuta ya kweli unatumia kostiki ya potasiamu, sio hii ya sodiamu ya vipande, na nyonyo humo inakaa vizuri sana inafanya iwe angavu. Fungua uzi wake dada tusimchanganye mama Pendo.

Chuma_Mafinga

Mzee unajua mambo lakini mbona hujasema sukari? Povu la bei rahisi hilo

MzeeWaMizani

Leo umesema neno. Sukari gramu 10 mpaka 15 kwa kilo ya mafuta, unaiyeyusha kwenye maji KABLA ya kostiki, povu linaongezeka kweli. Mama Pendo akiona nyonyo imeadimika aanze na hiyo. Shida yake inapandisha joto la mchanganyiko na maji ya kostiki yanageuka rangi ya chai, mtu anaogopa anadhani imeharibika. Ukiweka sukari usiifunike sabuni mablanketi mengi.

MamaPendo_Uyole

Hapo kwenye kufunika ndo nataka kuuliza. Huku baridi mimi nafunika na blanketi zito kabisa na bado kuna wakati juu panafanya unga mweupe. Nyonyo itasaidia hilo?

MzeeWaMizani

Nyonyo haihusiani na huo unga. Huo ni kostiki iliyoko juu ya sabuni ikikutana na hewa kabla haijamaliza kazi, inageuka magadi. Kwenye baridi kazi inaenda polepole kwa hiyo inapata muda mwingi wa kukutana na hewa. Haina madhara, futa na kitambaa chenye unyevu au kwangua. Kuizuia, mafuta na maji ya kostiki viwe nyuzi 40 hadi 45 vyote wakati wa kuchanganya, laza nailoni juu ya sabuni igusane nayo kabisa, ndo blanketi lije juu. Na koroga mpaka iwe uji unaoacha alama ukidondosha juu, usimimine ikiwa bado majimaji kwa sababu umechoka mkono.

Hapo nyonyo ina tabia yake, inaharakisha uji kushika kidogo. Kwenye asilimia 7 hutaona sana, kwenye robo ya huyu bwana wa Mafinga inabidi akimbie.

Chuma_Mafinga

Nakimbia kweli 😂 naomba mnisamehe

Mama_Ipogolo

Jamani niseme kuhusu kostiki yenyewe maana mnahesabu gramu moja moja wakati kostiki mnayonunua imekufa. Huku mjini kuna maduka ndoo ya kostiki inakaa wazi kutwa, muuzaji anachota na kikombe. Vile vipande vinavuta unyevu hewani, angalia vizuri utaona vinang'aa vimetoa jasho na vimeshikana mabonge. Hiyo 141 yako inawezekana nguvu ni ya 125, sabuni inabaki na mafuta inanuka baada ya muda afu mnasingizia nyonyo. Nunua iliyofungwa, ipime yote nyumbani, igawe kwenye makopo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Sio kopo la alminiamu na wala usikorogee kwenye sufuria ya alminiamu, kostiki inaila na inatoa gesi inayoshika moto.

Nuru_Makambako

Mama Ipogolo umenena. Na siki iwe karibu ikikurukia mkononi

Sista_Tukuyu

Siki hapana! Ikikurukia mwilini ni maji mengi, yanayotiririka, muda mrefu, dakika 15 na zaidi, na kama ni jicho unaendelea kuosha ukiwa njiani kwenda hospitali. Siki weka ya kufutia meza baada ya kusafisha. Na kostiki ndo inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye kostiki. Miwani na glavu hata kama umeizoea kazi, na watoto wawe nje.

Dada_Shamba

Na nywele je? Nasikia nyonyo inakuza nywele, nikitengeneza sabuni ya nyonyo ya kuoshea nywele nitawauzia wasusi

Binti_Mlandege

Ukiandika "inakuza nywele" kwenye karatasi ya sabuni jiandae kuulizwa ushahidi. Nyonyo ikishakutana na kostiki sio nyonyo tena, ni sabuni. Inayobaki kama mafuta ni ile asilimia 5 tu na kostiki haichagui, inakula mafuta yote kwa pamoja, huwezi kusema ile 5 iliyobaki ni nyonyo.

MzeeWaMizani

Binti anajua kazi huyu. Namna ya kuifanya ibaki nyonyo ni kwenye sabuni ya kupika: unapika mafuta mengine na kostiki yote mpaka iishe nguvu, ndo unaweka nyonyo mwishoni unakoroga, hapo haina kostiki ya kuila. Na kwa sabuni ya nywele ndo mahali nakubali asilimia 15 mpaka 20 ya nyonyo, kwa sababu kipande chake kinatumika mara chache na unaweza kukihifadhi pakavu. Kukuza nywele simwahidi mtu.

Kijana_Mafiati

Na kibali? Sabuni ya nyumbani unaruhusiwa kuuza?

Mama_Ipogolo

Vipodozi tangu 2019 viko TBS (shirika la viwango), zamani vilikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa). Mjasiriamali mdogo pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza wakuandikie barua ya utambulisho, usiende mikono mitupu. Mbeya wapo, Iringa wapo. Weka daftari la kila pishi, tarehe, mafuta gani, kostiki ngapi, maana utaulizwa.

Mwana_wa_Njombe

Kamweneee. Nimesoma uzi wote toka juu. Mimi niko Njombe, parachichi zile zinazokataliwa na wanunuzi zipo za kumwaga na kuna jamaa anakamua mafuta. Mawese kwetu ni ya kununua, mafuta ya ng'ombe buchani ni rahisi. Naomba hesabu ya parachichi na nyonyo.

MzeeWaMizani

Kamwene. Mafuta ya ng'ombe yayeyushe, yachemshe na maji na chumvi, yaache yagande, kwangua uchafu wa chini, rudia mpaka yawe meupe yasinuke nyama. Kisha mafuta ya ng'ombe 500, nazi au mise 200, parachichi 240, nyonyo 60. Ng'ombe namba yake 0.140, parachichi 0.133. Kwa nazi kostiki ni 139 na maji 275. Kwa mise kokotoa mwenyewe, namba nimeshaitoa juu.

Mafuta ya ng'ombe nayo ni wavivu wa baridi kama mawese, kwa hiyo nyonyo usiitoe hapo. Na parachichi weka kwa sababu unayo, lakini usitegemee povu kutoka kwake, kazi yake ni ulaini.

Mwana_wa_Njombe

Na ya nguruwe?

MzeeWaMizani

Inatoa sabuni nzuri sana nyeupe, namba 0.138. Ila iandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, una wateja Waislamu na Wasabato, mtu ana haki ya kujua anajipaka nini.

MamaPendo_Uyole

Wakuu mbarikiwe, ndaga fijo. Nyonyo nimepata ya duka la dawa, nimeipima na spiriti imebaki angavu. Nitafanya nusu na nusu, yaani pishi moja ya mawese 450 ya mzee na nyonyo ndani, na nyingine hiyohiyo lakini nyonyo naitoa naweka alizeti, ili nijue kazi ya nyonyo ni ipi na ya nazi ni ipi. Kwa ile isiyo na nyonyo alizeti inakuwa 300 na kostiki inabaki 141 au 142, nimepiga hesabu, mzee nisahihishe.

MzeeWaMizani

Ni 141 na nukta tisa, weka 142. Alama ziandike kwa kisu chini ya kipande zikiwa bado laini, karatasi zinapotea. Zikauke wiki 4 mpaka 6 kabla hujampa mtu, na kwa baridi hii ningevuta mpaka 6. Afu mpe yule mama wa Mwanjelwa zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi, anawe kwa maji ya bomba asubuhi.

KyelaDamu

Mama Pendo mise nakuja nayo Ijumaa na gari la ndizi, andaa ndoo yenye mfuniko wa kubana. Lita ngapi?

MamaPendo_Uyole

Tano. Na upime kwa kilo bana, umesoma uzi 😂